Waliosema ya Nyumbani Kwao

Nawasalimu ninyi wa Buhare, Bweri, Makoko na Nyasho, nawasalimu wa Bunda na Butiama ambao sasa mmekwisha kufunga kazi, na wavuvi mnaojiandaa kuingia ziwani huku redio ikiwa pembeni.

Wiki iliyopita niligusia hadithi fupi za waandishi wa Zanzibar na mwambao, nikaahidi kuzirudia. Kabla sijazirudia ukaingia ujumbe wa kijana anayesoma chuo cha maendeleo ya jamii hapo Buhare. Ameandika kwa adabu, ila swali lake lina makali. Anauliza: sisi watu wa Mara, wengi wetu Wakristo, na wengine bado tunashika mila za mababu, tunatafuta nini katika hadithi za watu wenye asili ya Kiarabu, za watu wa Uislamu? Si ndio hao tunaosoma katika historia kwamba walipita bara na misafara ya pembe na watumwa?

Nimelipokea swali, na kipindi chote cha leo ni chake. Sitamjibu kwa kumwambia kwamba binadamu wote ni ndugu, maana hilo analijua na halijamsaidia. Nitamjibu kwa vitabu.

Mwaka 1978 ilitoka riwaya ya Adam Shafi iitwayo Kasri ya Mwinyi Fuad. Humo yumo bwana mwenye mashamba na kasri, wamo wakulima na watumishi wanaonyanyaswa asubuhi hadi usiku, na yanakuja Mapinduzi ya Januari 1964 kuufunga ukurasa wa bwana huyo. Kitabu hakimhurumii Mwinyi Fuad hata kidogo. Sasa jiulize ni nani aliyekiandika. Si mgeni aliyekuja kuchungulia Unguja kwa dirishani. Ni Mzanzibari, mtoto wa mitaa ile ile, aliyelelewa katika dini ile ile. Alikaa ndani ya nyumba, akaeleza yaliyomo ndani ya nyumba.

Nimeanza na riwaya ingawa mada yetu ni hadithi fupi, kwa sababu nataka kijana wangu wa Buhare alione jambo hili mapema: mashtaka makali kabisa dhidi ya mabwana wa pwani yameandikwa na watoto wa pwani. Anayedhani kwamba akifungua kitabu cha mwandishi Muislamu wa Zanzibar atakutana na utetezi wa sultani, atakutana na kinyume chake.

Tazama Oman. Huko ndiko zilikotoka koo nyingi za Waarabu wa Afrika Mashariki, na huko ndiko walikorudi maelfu baada ya 1964, wakiwa na Kiswahili chao mdomoni. Mpaka leo ukiwa Muscat unaweza kusikia Kiswahili sokoni na sebuleni. Mwaka 2019 mwandishi wa Oman, Jokha Alharthi, alipata tuzo kubwa ya kimataifa ya Man Booker kwa riwaya aliyoiandika kwa Kiarabu, na hakuna riwaya ya Kiarabu iliyowahi kuipata kabla yake. Mama huyu anaandika pia hadithi fupi. Riwaya yake iliyoshinda inamweka katikati ya kijiji mwanamke aitwaye Zarifa, aliyezaliwa utumwani. Oman iliufuta utumwa mwaka 1970 tu, kwa hiyo habari hizi si za kale. Wamo watu walio hai wanaozikumbuka. Alharthi angeweza kuandika juu ya mitende na harusi, watu wakamsifu. Aliamua kuandika na lile ambalo jamaa wengi wangependa likae kimya.

Ndiyo maana namwambia kijana wetu: jambo lile lile linalomfanya asite, yaani historia ya utumwa na ubwana, ndilo waandishi hawa wanalolifukua kwa mikono yao wenyewe.

Sasa hadithi fupi zenyewe.

Abdulrazak Gurnah mmemsikia sana tangu Oktoba 2021, alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka kijana kwenda Uingereza miaka michache baada ya Mapinduzi, na ukoo wa baba yake una mizizi Yemen. Wengi wanamjua kwa riwaya, hasa ile ya 1994 ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Mimi leo naomba nikae kidogo na hadithi yake moja fupi iitwayo Cages. Aliiandika kwa Kiingereza, na ukiisoma unahisi kwamba watu wa humo wanaongea Kiswahili.

Hamid ni kijana muuza duka. Duka si lake, ni la mzee Fajir, na mzee mwenyewe ni mgonjwa, amelala chumba cha nyuma. Hamid anafungua, anapima, anafunga, analala humo humo. Mji uko pale nje na yeye hautembelei. Halafu anaanza kuja msichana mmoja kununua vitu vidogo vidogo, jina lake Rukiya. Hamid anajikuta anampimia zaidi ya pesa alizoleta. Hakuna vita humo, hakuna sultani, hakuna hotuba. Kuna mizani, kuna taa ya duka, na kuna kijana ambaye mkono wake unasema jambo ambalo ulimi hauthubutu.

Nani kati yenu hajamwona Hamid? Miji yetu hii ya Kanda ya Ziwa ilikua ikizunguka maduka: duka la Mhindi, duka la Mwarabu, baadaye duka la Mjita na la Mkurya na la Mchaga. Tumetumwa sukari na mafuta ya taa tukiwa watoto, tukasimama mbele ya kaunta, tukamwona aliye nyuma yake kama sehemu ya samani za duka. Hatukuwahi kujiuliza kama huyo bwana ana mahali pa kwenda jioni, kama anapenda mtu, kama anaogopa kufa mbali na ndugu zake. Gurnah anatuzungusha, anatusimamisha upande wa pili wa kaunta, na kutoka pale mnunuzi ndiye anayeonekana mgeni. Mimi naiona hiyo kuwa kazi kubwa, na ameifanya kwa kurasa chache mno.

M. G. Vassanji naye, mtoto wa Wahindi Waismailia aliyekulia Dar es Salaam na sasa anaishi Kanada, ana mkusanyiko mzima wa hadithi fupi wa mwaka 1991 uitwao Uhuru Street, ambao ni ule mtaa wa Uhuru wa Dar es Salaam, na maduka yake, na familia zilizokaa juu ya maduka hayo. Sitamchambua leo. Nataka niende kwa mama mmoja wa Sudan, kwa sababu hadithi yake inagusa jambo tulilo nalo Butiama.

Leila Aboulela ndiye mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Caine, mwaka 2000, tuzo inayotolewa kwa hadithi fupi za Kiafrika zilizoandikwa au kutafsiriwa kwa Kiingereza. Hadithi yake inaitwa The Museum, yaani Makumbusho. Msichana wa Khartoum, Shadia, anasoma chuo kikuu mjini Aberdeen, Scotland. Ni Muislamu, wa familia yenye uwezo, ameposwa nyumbani, na masomo yanamlemea. Kijana wa Kiskoti mwenye nywele ndefu, Bryan, anamsaidia kwa daftari zake, kisha siku moja wanakwenda pamoja kuangalia makumbusho yenye vitu vya Afrika. Shadia anaingia akitarajia kuiona Afrika yake. Anachokikuta ni Afrika ya maofisa wa kikoloni na wawindaji: vitu walivyobeba na maelezo waliyoyaandika wao. Khartoum yake haimo, barabara zake hazimo, shangazi zake hawamo. Na aliyesimama pembeni yake, kijana mwema, hana namna ya kuelewa kwa nini msichana huyu anataka kulia.

Sasa fikiria hapa kwetu. Butiama tuna makumbusho. Yalifunguliwa Julai 1999, miezi michache kabla Mwalimu Nyerere hajafariki, nayo yako kijijini kwake, karibu na alipozikwa. Mtoto wa shule wa Musoma akipelekwa pale anakutana na maisha ya mtu wa kwao yakielezwa na watu wa kwao. Analichukulia kuwa jambo la kawaida. Shadia hakulipata hilo Aberdeen, na ukiisoma hadithi yake ndipo unajua thamani ya lile jengo la Butiama. Sijui darasa lolote ambalo lingeweza kutufundisha hivyo. Binti wa Kiarabu wa Sudan, mwenye mchumba tajiri, ambaye hana lolote linalofanana na sisi, ndiye anayetuonyesha kile tulicho nacho uani.

Nimemtaja Mwalimu, na nadhani yeye ndiye jibu fupi kuliko yote kwa swali la kijana wetu. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, lugha ya mamaye ni Kizanaki. Alianza shule Mwisenge, hapa Musoma mjini, mwaka 1934, akiwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa Mkatoliki wa kuamka alfajiri kwenda misa. Sote tunajua kwamba alitafsiri tamthilia za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Wachache wanajua kwamba uzeeni mwake alizigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zikachapishwa mwaka 1996.

Tenzi, msikilizaji. Utenzi ni mtindo uliolelewa na Waislamu wa Lamu na Pate, na kwa mamia ya miaka ulitumika kueleza maisha ya Mtume Muhammad, vita vya masahaba, na mawaidha ya mama kwa bintiye. Herufi zake zilikuwa za Kiarabu. Ukianza unamtaja Mola, na mizani ni minane kila mstari. Mzanaki wa Butiama akauchukua mtindo huo kama ulivyo, akamwekea humo Yesu wa Nazareti. Hakuona kwamba ameazima mali ya watu wengine. Aliona kwamba mtu akikubali lugha, amekubali pia nyumba iliyoijenga, pamoja na seremala wake. Basi kama Mwalimu hakuona shida kusimulia Injili kwa mtindo wa mashekhe, sisi tunaona shida gani kusoma hadithi za wajukuu wao?

Narudi kwenye hadithi fupi, tena za Kiswahili kabisa. Hapa Wazanzibari wametangulia mbele sana. Mohamed Suleiman Mohamed, ambaye wengi mnamjua kwa Kiu na Nyota ya Rehema, alitoa mkusanyiko wa Kicheko cha Ushindi mwaka 1978. Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa Unguja mwaka 1947 na kufundisha Japani na Ujerumani, ana Si Shetani si Wazimu, ana Sadiki Ukipenda, ana Arusi ya Buldoza. Kwa maoni yangu hakuna mwandishi wa Kiswahili aliyeipenda hadithi fupi na kuifanyia majaribio kama huyu.

Chukua ile yake iitwayo Tumbo Lisiloshiba. Mtaa wa maskini umekaa katikati ya jiji, na wakubwa wanautaka. Siku moja linaingia jitu la kutisha katika mkahawa wa mtaani, linaagiza chakula chote kilichopikwa, linakila mbele ya wateja, halafu linaahidi kurudi kesho kula zaidi. Kesho yake kunapambazuka kwa ngurumo za mabuldoza. Jitu lile halina dini wala kabila. Aliyewahi kupigania kiwanja chake anaposoma habari zake hahitaji mtu wa kumfafanulia.

Hadithi hiyo ndiyo iliyobeba jina la mkusanyiko uliotoka mwaka 2016, uliohaririwa na Alifa Chokocho pamoja na Dumu Kayanda. Ndani yake kuna hadithi ambayo ningependa isomwe katika kila shule ya mkoa huu. Inaitwa Mame Bakari, ameiandika Mohammed Khelef Ghassany, mshairi na mwandishi wa habari kutoka Zanzibar. Msichana wa shule, Sara, anabakwa njiani usiku akitoka twisheni. Anapata mimba. Kuanzia hapo hadithi inaingia kichwani mwake na kukaa humo: anamwona baba akimfukuza, anamwona mwalimu mkuu akimtoa mbele ya wenzake, anasikia midomo ya majirani. Rafiki yake Sarina ndiye anayemshika mkono. Na mwishowe wale wazazi aliowaogopa kuliko mbakaji mwenyewe, ndio wanaompokea.

Ghassany ametoka katika jamii ambayo heshima ya binti ni jambo zito mno, na mambo haya hufichwa chini ya zulia. Ameyatoa sebuleni. Lakini hakuishia kulaumu. Alijua kwamba hofu ya Sara ina nguvu kuliko ukweli wa wazazi wake, na kwamba wasichana wengi wameharibikiwa kwa sababu hawakuthubutu kubisha mlango ambao ungefunguliwa. Baba unayenisikiliza Bunda, binti yako anajua kwamba mlango wako utafunguka? Anajuaje?

Mkusanyiko huo ulisomwa na wanafunzi wa sekondari wa Kenya nchi nzima, kwa sababu Kenya wameiweka hadithi fupi katika mitihani pamoja na riwaya na tamthilia. Kijana wa Kisii au wa Migori aliyeusoma, ng'ambo tu ya mpaka wetu, anamjua Sara na anamjua Mzee Mago wa Tumbo Lisiloshiba kama anavyomjua jirani yake. Wa Tarime hamjui. Kwetu, kwa miaka mingi, orodha ya sekondari imekuwa na riwaya, tamthilia na ushairi: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu, Orodha, Kilio Chetu, Wasakatonge. Vitabu vizuri, sina ugomvi navyo. Ila hadithi fupi imebaki nje ya mlango, na mwandishi akiona haisomwi shuleni na mchapishaji haitaki, anaacha. Kwa kweli jambo hili linaniuma. Hata Kezilahabi wetu, mtoto wa Ukerewe hapo ng'ambo ya maji, aliandika hadithi fupi kama Mayai Waziri wa Maradhi, na wengi wa wanaomjua hapa ziwani wanamjua kwa Rosa Mistika peke yake.

Redio nayo ina deni. Kuna wakati idhaa ya Kiswahili ya BBC iliendesha shindano la hadithi fupi, hadithi zikasomwa hewani kisha zikakusanywa vitabuni. Hadithi fupi inaingia redioni bila kukatwa mkono wala mguu: dakika kumi na tano, ishirini, imekwisha, na mama aliyekuwa anasonga ugali ameisikia yote. Vituo vyetu vya mikoani tuna saa nyingi za muziki na za matangazo ya biashara. Dakika ishirini kwa wiki tungezipata tukitaka.

Sasa nije kwa jambo ambalo hasa limenifanya nichukue jioni nzima kujibu ujumbe mmoja. Waandishi hawa wote niliowataja, Shafi, Gurnah, Alharthi, Aboulela, Said Ahmed, Ghassany, wamefanya kazi ya aina moja. Wameangalia nyumbani kwao wakasema waliyoyaona, wakijua kwamba wapo watakaochukia. Na sisi Mara tuna nyumba yetu. Tuna wasichana wanaokimbia ukeketaji mwezi Desemba na kujificha katika nyumba salama. Tuna nyumba ntobhu, ndoa ya mwanamke kuoa mwanamke ili apate mtoto wa kurithi mji, jambo ambalo waandishi wa habari wa nje wamekuja kulipiga picha mara nyingi. Tuna wizi wa ng'ombe uliozikutanisha koo kwa mishale. Tuna visiwa ambako mvuvi na mnunuzi wa samaki hulipana kwa namna zisizotamkwa mbele ya watoto. Na tuna yule Mwarabu wa duka aliyezaliwa hapa, aliyesoma hapa, anayesema Kijita kuliko vijana wa Kijita wa leo, ambaye bado anaulizwa kwao ni wapi.

Yote hayo yameandikwa katika ripoti. Yameandikwa na wageni, wakiwemo wale wanaokuja kujifunza Kiswahili pale Makoko kisha wanaondoka na madaftari yaliyojaa. Binti wa Tarime aliyekaa nyumba salama akiisimulia Desemba moja tu, bibi yake akiwemo, ngariba akiwemo kama mtu mwenye jina na maumivu ya magoti, ripoti zote hizo zitalazimika kusomwa upya.

Basi kijana wangu wa Buhare, wewe unasomea maendeleo ya jamii, unakwenda vijijini kwa mazoezi, unakaa na akina mama kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, unasikia mengi. Chagua moja. Lisizidi kurasa nane. Badilisha majina ya watu na ya kijiji, usimwaibishe mtu aliyekuamini. Usiandike kwa lugha ya ripoti, na usituambie mwishoni tufanye nini. Lete hapa kituoni, mlango uko wazi kuanzia saa mbili asubuhi. Nitaisoma hewani kwa sauti yangu, na baada ya hapo nitafungua simu, tuwasikie wazee wa Butiama na Bunda wanasemaje.

Kwa leo, msikilizaji, muda wangu umekwisha. Taarifa ya habari inafuata.